Kanda ya Saba ya Marehemu Radi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dawati la Upelelezi
Kuhusu: Kanda moja ya sauti ya maktaba ya shirika la utangazaji, iliyokutwa ikitolewa nje bila kibali

Jina: Shahidi anajulikana kwa jina la Mapigo (jina kamili limo ndani ya jalada)
Umri: Miaka 53
Kazi: Mwalimu wa udereva. Zamani mpiga dramu.
Makazi: Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, mkabala na shule ya udereva
Tarehe na saa: Jumatatu, tarehe 16 mwezi wa sita, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema ninachokijua na siyo ninachokidhani. Nimemjibu koplo kwamba katika jambo hili vyote viwili vimenichanganyikia kichwani, na yeye akasema niseme tu, atachambua mwenyewe. Haya, basi.

Marehemu Radi nilimfahamu kwa miaka thelathini na minne. Radi ni jina la jukwaani, lakini hata mkewe alimwita hivyo. Tulikuwa na bendi ya muziki wa roki, watu wanne, tukiitwa Mabati kwa sababu tulifanyia mazoezi kwenye banda la bati na majirani hawakuacha kutukumbusha. Yeye aliimba na kupiga gitaa. Mimi nilipiga dramu. Hatukuwa matajiri wala mashuhuri sana, ila ukimuuliza mtu wa umri wangu atakwambia aliwahi kutusikia, kisha atakwambia tulikuwa tunapiga makelele.

Miaka kumi na minane iliyopita Radi aliugua koo. Madaktari walimpasua wakaondoa zoloto, yaani ile sehemu inayotoa sauti. Alipona, lakini hakusema tena neno lolote hadi alipofariki mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa akiandika kwenye daftari dogo, na nyumbani aligonga meza. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara tatu njooni mle chakula. Alipokasirika alitoa pumzi kwa nguvu kwenye tundu la shingoni aliloachiwa na upasuaji, ikatoka kama mtu anayevuta kitu kizito sakafuni.

Binti yake wakati huo alikuwa na miaka miwili. Sasa ana ishirini, anasomea uuguzi. Hana kumbukumbu yoyote ya baba yake akizungumza. Kuimba amemsikia, kwa sababu kuna kaseti mbili tulizorekodi, lakini afande, Radi akiimba alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipiga mayowe. Hakuna mtoto anayeweza kujua baba yake aliombaje chumvi mezani kwa kusikiliza yale mayowe.

Baada ya arubaini ya mazishi, mjane wa marehemu, ambaye ni shemeji yangu kwa heshima ya urafiki, aliniita nyumbani. Alikuwa amechana karatasi kwenye daftari la marehemu na kuandika orodha ya mara zote ambazo Mabati tulitokea redioni au kwenye televisheni. Zilikuwa saba. Akasema, "Shemeji, yeye hakutunza hata moja. Nitafutie, mtoto anataka kumsikia akiongea." Nilikubali. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Imenichukua miezi sita. Nitaeleza kwa kifupi kwa sababu koplo ameangalia saa.

Ya kwanza na ya pili nilizipata kwa kinyozi mmoja mzee, aliyekuwa na tabia ya kuweka kinasa sauti mbele ya redio yake. Zote mbili ni nyimbo tu, na ndani yake unasikia mteja akilalamika amekatwa sikio. Ya tatu ilifutwa. Ya nne ilikuwa kwa mpiga picha wa zamani wa televisheni, na juu ya nusu yake amerekodi harusi ya mdogo wake; nusu iliyobaki ni wimbo tu. Ya tano ilifutwa. Ya sita ni ya televisheni, mahojiano ya dakika tatu, na tulipoiona sote tuliruka kwa furaha. Radi amekaa kwenye kiti, amevaa koti lake la jukwaani, mtangazaji anamuuliza, Radi anafungua kinywa, anaongea, anacheka, anaongea tena. Sauti hakuna. Kanda ilikuwa imebaki na picha peke yake. Binti aliitazama mara nyingi akijaribu kusoma midomo. Mimi nilitoka nje.

Ikabaki ya saba. Hiyo ni ya redio, ilirekodiwa miaka ishirini iliyopita katika studio namba mbili ya shirika la utangazaji, wiki tatu baada ya binti kuzaliwa. Nilikuwepo. Studio ilikuwa ndogo, wakaniruhusu dramu moja na toazi moja tu, ile sahani ya shaba inayogongwa kwa fimbo. Tulipiga wimbo mmoja, kisha mtangazaji akamuuliza Radi habari za mtoto, naye akajibu kwa muda mrefu. Nimeulizwa alijibu nini. Sijui. Nilikuwa nimeinama nakaza skrubu ya toazi. Kwa miezi sita nimejilaumu kwa ile skrubu.

Mtunza maktaba ya kanda pale shirikani ni mama mmoja wanayemwita Bi Kanda. Yuko kazini miaka thelathini na moja na amebakisha miezi miwili kustaafu. Maktaba yake ni chumba cha chini, hakina dirisha, rafu za chuma mpaka darini, na joto lake unaweza kulitegemea kuliko saa. Kila kanda iko kwenye kasha la karatasi ngumu, imeandikwa kwa mwandiko wake. Nilipomweleza shida yangu mwezi wa tano alinikatiza. "Wale wa makelele? Wapo. Nipe muda." Hakutaka nimsaidie kutafuta. Alisema watu wakigusa rafu zake kanda zinahama makabila.

Jumanne tarehe 10 alinipigia simu kwamba ameipata, imeshatolewa na iko tayari kwenye chumba cha mitambo, nije Alhamisi niisikilize. Yeye Alhamisi asingekuwepo kwa sababu alikuwa anampeleka dada yake kliniki ya macho. Akasema opereta ataiweka kwenye mashine. Kanuni ni kwamba kanda haitoki nje ya jengo.

Mnamo tarehe 12, Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, nilifika na binti. Shemeji hakuja. Alisema moyo wake hautaweza, tumletee habari. Opereta ni kijana wa miaka kama thelathini, mstaarabu, fundi hodari wa kompyuta. Mwenyewe alituambia kwamba mashine ya kanda ameitumia mara chache tu na kwa maelekezo ya kitabu. Simlaumu. Naomba hilo liandikwe.

Alifungua kasha. Ncha ya kanda ilikuwa imebandikwa kipande cha utepe mwekundu. Opereta akaunyoshea kidole na kusema, "Hapa sina uhakika. Nyekundu huwa ni alama ya hatari." Mimi ni mwalimu wa udereva, afande. Naishi kwa kuwaambia watu wasimame kwenye nyekundu. Nilikubaliana naye papo hapo.

Akaiweka kwenye mashine, akabonyeza. Muda ulikuwa saa nne kasoro dakika tano. Kilichotoka sina jina lake. Ilikuwa sauti ya mtu, au ya watu wawili, lakini kama wanameza maneno badala ya kuyatoa. Kila neno lilianza kwa kuvutwa na kuishia ghafla, kama mlango unaofungwa. Halafu baada ya dakika kadhaa ikaja fujo nyingine, mvumo unaoanza mdogo, unapanda, unapanda, halafu kap, umekatika. Ukarudi tena vilevile. Opereta alisogeza vidude vyote vilivyosogezeka. Hakuna kilichobadilika. Akasema kanda za zamani huoza, gundi yake huyeyuka, na hii bila shaka imeoza.

Miezi sita, na kinyozi, na harusi ya watu, na mwisho wake uwe ule. Nilisema, "La kuvunda halina ubani. Zima."

Binti ndiye aliyekataa. Alikuwa amesogeza kiti mpaka kwenye spika. Akasema, "Baba mdogo, subiri kidogo. Baba alikuwa anatoa sauti hivi hivi akikasirika. Huyu si yeye?"

Sasa hapa, koplo, andika kama nilivyosema. Nilimwambia, "Hapana, mwanangu. Huyo siye. Baba yako nimemsikia mimi miaka yote ile, na huyo siye. Hiyo ni kanda mbovu tu." Nilisema kwa ukali kidogo. Sikutaka aondoke pale akiwa na ile sauti kichwani na kuiita baba. Nilidhani ninamsaidia.

Akasema, "Hata kama ni mbovu, naomba niisikie tena." Kichwa kigumu alichukua kwa baba yake, mtoto wa nyoka ni nyoka. Opereta akamtazama, akanitazama, nikatikisa kichwa. Akazima.

Kisha akatoa fomu. Inaitwa Fomu ya Kanda Zisizofaa na inahitaji sahihi mbili, ya fundi na ya mwenye maslahi. Mwenye maslahi nikawa mimi. Nilisaini saa nne na dakika ishirini na tano. Opereta akaandika juu ya kasha kwa kalamu nene: IMEHARIBIKA, YA KUTEKETEZA. Akaliweka kwenye boksi la nje, kando ya mlango, pamoja na vitu vingine vya kuchomwa Jumamosi asubuhi. Tukaondoka.

Ijumaa tarehe 13 nilishinda kazini. Yaliyotokea siku hiyo sikuyaona kwa macho yangu, nimeyasikia kwa mlinzi wa lango na kwa Bi Kanda mwenyewe, na yamenichanganya kuliko yote. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Bi Kanda alikuwa anatoka langoni na kikapu. Mlinzi akamwomba akague, kama anavyomkagua kila mtu. Ndani ya kikapu kulikuwa na lile kasha, limefungwa kwenye sweta. Mlinzi akauliza ni nini. Bi Kanda akajibu, "Takataka. Huwezi kusoma?" Na kweli kasha lilisema hivyo. Mlinzi akauliza, takataka inafungwaje kwenye sweta kama mtoto mchanga? Mlinzi akampigia meneja utawala, meneja akapiga hapa kituoni. Alipofikishwa hapa na kuulizwa, Bi Kanda akasema kwamba kanda ile haina mfano wake popote na asiyejua kuishika asiiguse. Kwa hiyo kwenye jalada lenu kuna maneno yake mawili yanayopingana, yote kwa kinywa chake, moja saa kumi na moja na dakika arobaini na jingine saa moja kasoro robo. Naelewa kwa nini mlimweka ndani.

Jumamosi tarehe 14 nilipigiwa simu na opereta saa mbili asubuhi. Nilifika hapa saa tatu. Mdogo wake Bi Kanda alikuwa anashughulikia dhamana. Niliruhusiwa kuzungumza naye kwenye kaunta, afande wa zamu akiwepo. Nilianza kwa kusema, "Mama, pole. Lakini ile kanda si imeoza? Uliitakia nini?"

Akasema, "Wewe si mpiga dramu?"

Nikasema ndiyo, zamani.

"Na ulikaa mbele ya spika ukasikiliza?"

Nikasema ndiyo.

"Na hukusikia kwamba inakwenda kinyumenyume?"

Akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Kanda ikishachezwa mpaka mwisho, mtunzaji anayejua kazi haifungi upya kuirudisha mwanzo. Huiacha palepale ilipoishia, ikalala hivyo rafuni, kwa sababu ikifungwa upya kwa haraka hujikunja vibaya na ikikaa miaka sauti ya mzunguko mmoja huchafua mzunguko wa jirani. Wao huita mkia nje. Utepe mwekundu ndiyo alama yake. Unamwambia anayekuja, huu ni mwisho, rudisha mwanzo kwanza ndipo usikilize. Utepe wa kijani ndiyo mwanzo. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia opereta. Akasema kwa miaka thelathini na moja amefanya kazi hiyo peke yake na hakuna aliyewahi kumuuliza, akasahau kwamba si kila mtu anajua. Aliporudi kazini Ijumaa alikaa chini maktabani kwake siku nzima, na boksi la kuchomwa aliliona jioni alipokuwa anatoka. Opereta alikuwa ameondoka na ufunguo wa chumba cha mitambo tangu saa kumi. Kuchoma ni Jumamosi asubuhi. Nyumbani kwake ana mashine ya zamani, angeirudisha mwanzo na kuisikiliza ili kuthibitisha kwamba ni nzima. Akaibeba.

"Na kwa mlinzi kwa nini ulisema takataka?"

"Ningemwambia ni mali ningekuwa mwizi," akasema. "Nilimwambia takataka nikawa mwongo. Nilichagua kimoja nikapata vyote viwili."

Nimeulizwa na koplo: kwa maoni yangu kanda hiyo ilikuwa takataka au mali ya shirika? Jibu langu ni kwamba Alhamisi ilikuwa takataka kwa sahihi yangu mimi. Ijumaa ikawa mali. Jumamosi ikawa kielelezo. Leo Jumatatu sijui ni nini, nakuona umeiandikia namba.

Nimeulizwa kama Bi Kanda alinipa ahadi ya kunipatia kanda hiyo kwa njia ya siri. Hapana. Huyo mama hata kikombe cha chai hakuniruhusu kuingia nacho maktabani.

Nimeulizwa kama nafahamu kwamba kusaini hati isiyo ya kweli kunaweza kunitia matatani. Sasa nafahamu. Lakini nilipoisaini niliamini ni kweli, na kama kanda ni nzima basi fomu ndiyo yenye makosa na mama huyu hana. Mkihitaji mtu wa kumweka pale kwenye benchi, nipo. Nimewahi kulala kituoni kwa ajili ya Radi enzi za bandani, kwa kosa la kelele, kwa hiyo nafahamu benchi lenu.

Tangu Jumamosi nimekuwa nikiirudia ile sauti kichwani. Ule mvumo uliokuwa unapanda halafu unakatika, nimeutambua jana saa nane mchana nikiwa ndani ya gari na mwanafunzi. Nilimwambia aegeshe pembeni. Toazi likipigwa linalia kwa nguvu kwanza, kisha linafifia polepole. Ukiligeuza, linaanza kufifia, linapanda, halafu linakatika pale fimbo ilipogusa. Lilikuwa toazi langu. Lile lile nililokuwa nakaza skrubu. Nilikaa mbele ya mikono yangu mwenyewe sikuijua. Mwanafunzi aliniuliza kama amekosea gia.

Na kama fujo ile ya pili ni mimi, basi ile ya kwanza, iliyomeza maneno, ni yeye. Ndiye aliyekuwa anamjibu mtangazaji habari za mtoto. Kwa hiyo binti aliyekuwa hana hata kumbukumbu moja alimtambua, mimi niliyekaa nyuma yake jukwaani miaka yote ile nikamkana.

Nina ombi moja. Naona kielelezo kimewekwa juu ya kabati karibu na spika ya redio yenu ya mawasiliano. Spika ina sumaku, na sumaku hufuta kanda. Naomba kisogezwe. (Shahidi alisimama hapa, na kielelezo kikahamishiwa kwenye droo.) Nashukuru.

Mengine sina. Nimeulizwa kama nataka kurekebisha chochote. Ndiyo, kimoja. Siku ya Alhamisi, tarehe 12, saa nne na dakika kama ishirini, nilimwambia mtoto huyo siye baba yake. Naomba iandikwe kwamba nilikosea.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyakosea. Nimesomewa kwa sauti, nimeyakubali, natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi ya shahidi)
Mapigo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya niliyaandika mimi, koplo wa dawati la upelelezi, kwa mkono wangu, na nilimsomea shahidi kabla hajasaini. Shahidi alikuwa na akili timamu, ingawa mara mbili aliomba tusimame kidogo.

Kwa kuwa haikuwezekana kujua kama mali inayodaiwa kuibwa ni nzima au ni mbovu bila kuisikiliza, Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, kwa idhini ya mkuu wa kituo, nilikipeleka kielelezo kwenye chumba cha mitambo cha shirika. Waliokuwepo ni meneja utawala, opereta, mtuhumiwa, shahidi, mjane wa marehemu na binti wa marehemu. Mtuhumiwa ndiye aliyeifunga kanda upya kutoka utepe mwekundu hadi wa kijani. Alifanya hivyo taratibu, kwa dakika tisa, na aliomba opereta asimame karibu aone.

Kanda ni nzima. Ina wimbo mmoja wenye kelele nyingi, kisha mazungumzo ya mwanaume mmoja na mtangazaji kwa dakika nne na sekunde kumi. Maneno hayo sikuyanakili kwa kuwa hayahusiani na kosa linalochunguzwa. Yanamhusu mtoto. Ilichezwa mara tatu kwa ombi la binti. Meneja utawala ameondoa malalamiko, fomu ya tarehe 12 imefutwa, na jalada napendekeza lifungwe.

Ilipoisha mara ya kwanza, kabla haijachezwa tena, binti alimgeukia shahidi. Shahidi alisema neno moja, nami naliandika kwa kuwa aliomba rekebisho lake liingie kwenye jalada. Alisema, "Ndiye."

(Sahihi)
Koplo, Dawati la Upelelezi